Email moja nyumba nzima: nilivyokosa nafasi ya chuo kwa barua iliyofika

Salaam aleikum wakuu. Naandika haya nikiwa bado na hasira, lakini ndivyo yalivyokuwa. Sikuongeza wala kupunguza.

Kwetu ni Langoni, Lamu. Miaka yote tulikuwa na sanduku la posta moja: barua za baba, za ami, hata za jirani, zote humo. Kwa hiyo kaka yangu Athman alipofungua email ili aombe kazi hoteli moja ya Ras Kitau, ng'ambo kisiwani Manda, sisi tukajua nyumba imepata sanduku jipya.

Mama akiulizwa email mahali, anatoa hiyo. Dada yangu, hiyo. Password tunayo sote. Jamani!

Mwaka jana nikaomba kusomea uuguzi chuo kimoja Mombasa. Kwenye fomu nikaweka hiyo hiyo.

Kila jioni naingia kuangalia. Na nilikuwa natazama zile zenye maandishi meusi yaliyokolea tu, maana ndizo mpya. Kumbe mwenzako akishaifungua, ule weusi unaondoka! Nani aliniambia? Hakuna.

Wiki zikapita. Nikapiga simu chuoni, akapokea Bi mmoja.

"Tulikutumia admission letter kitambo. Deadline ya kujibu ilikuwa juzi."

"Sijaiona, madam."

"Lakini ilifika, dada. Haikurudi kwetu."

Nikampigia Athman kazini.

"Kuna barua ya chuo uliiona?"

"Barua za Kizungu zaya nyingi, kila siku zaingia. Simu yalinambia imejaa, nami nalidhani ni matangazo, nikafuta."

"Hukuona jina langu?"

"Nalisoma 'Dear Applicant', nikatosheka."

Akatosheka!

Nikaikuta kwenye Trash, kule zinakokwenda zilizofutwa, nzima kabisa. Nikaandika jibu refu la kuomba radhi, nikabonyeza reply. Siku mbili kimya. Ndipo nikaitazama vizuri ile anwani: "noreply". Yaani nilikuwa naibembeleza mashine! Anwani ya ofisi ilikuwa chini kabisa ya barua, mahali ambapo sikufika kusoma.

Nikaandika tena. Safari hii nikajibiwa siku hiyo hiyo: nafasi amepewa mwingine, ningoje intake ijayo.

Miezi sita, wakuu. Nililia.

Athman alivuka kutoka Manda jioni ile, akakaa mlangoni kwangu.

"Niwie radhi. Nalidhani email ni yetu sote."

Sasa utamgombeza vipi mtu, na wewe mwenyewe ulidhani hivyo hivyo?

Basi wakuu, email ni ya mtu mmoja kama kitambulisho. Fungua yako, password usimpe hata ndugu. Tazama zilizosomwa, Spam na Trash pia. Na kabla ya kujibu, soma unamjibu nani.

Jumamosi nilimfungulia kila mtu wa nyumbani yake. Mama alikataa mara tatu, mwisho akakubali. Nikamwonyesha subject, yaani kichwa cha barua, ni hapa, maneno ni hapa. Tumekaa jamvi moja, simu yangu ikalia: email ya kwanza ya Mama. Ndani hamna kitu. Yote ameyajaza kwenye subject: "Mwanangu utaenda tu chuo inshallah mimi ni mamako".

Hiyo sifuti.

Haya, nani mwingine kwao bado wanachangia email? Semeni tu, hapa hakuna wa kumcheka mwenzake.