Mtoto wangu kiziwi ameitwa Amerika, na saini inayosubiriwa ni yangu

Admin, naomba unifiche jina, maana sisi Wakongo wa Joburg tunajuana. Nina miaka thelathini na tatu, natokea Uvira. Nasuka nywele Hillbrow, na nakaa Bertrams kwenye chumba kimoja na binti yangu wa miaka minane. Nimwite Neema. Neema ni kiziwi. Akiwa na mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa kali, akapona, lakini masikio hayakurudi.

Mimi na baba yake hatukuwahi kufunga ndoa. Mwaka 2015 ukoo wao ulipata nafasi ya kuhamishiwa Amerika kama wakimbizi. Mimi sikuwemo kwenye faili. Neema aliandikwa kwa jina la baba yake, ila makaratasi yake yakachelewa. Baba yake akaondoka akisema atatuita wote wawili. Baadaye nikasikia ameoa hukohuko. Nililia, kisha nikanyamaza. Siwezi kusema ni mtu mbaya, kila wiki anapiga simu ya video amwone mtoto.

Shule nimetafuta mpaka nimechoka. Ya karibu na hapa walisema hawana mwalimu wa watoto viziwi. Ya viziwi walimwandika kwenye orodha, wakaangalia karatasi yangu ya ukimbizi inayoisha kila baada ya miezi sita, wakasema watanipigia. Huu ni mwaka wa tatu. Za kulipia zipo, lakini si za msusi kama mimi. Kwa hiyo namfundisha mwenyewe saluni, mteja akitoka na mwingine hajaingia, namwandikia herufi kwenye maboksi ya nywele naye anafuatisha. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita. Tunaongea kwa ishara tulizozitunga sisi wawili, na hakuna mwingine anayezielewa. Mwezi wa tatu alilia siku mbili akishika shavu, mimi nikidhani ni sikio, kumbe ni jino.

Mwezi wa sita baba yake akanipigia kwamba makaratasi ya Neema yamekubaliwa. Ya kwake tu. Akanieleza kwamba kwenye jimbo lao mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, asipompeleka shule ya serikali, serikali inamwekea pesa kwenye akaunti maalumu ya masomo. Analipia shule ya binafsi, au anamfundisha nyumbani na kumlipa mwalimu kwa hizo pesa. Lakini lazima mtoto awe anaishi kule. Akanitumia video ya shule moja ya viziwi, watoto wanaongea kwa mikono haraka kama sisi tunavyoongea kwa mdomo. Neema aliiangalia mpaka ikaisha, akanivuta mkono nimrudishie, tena na tena. Siku hiyo moyo wangu ulikubali. Hata sanduku nilinunua.

Jumapili moja tukitoka kanisani nikaongea na mke wake kwa simu kwa mara ya kwanza. Ana adabu, ananiita dada. Nikamshukuru kwa ajili ya ile shule. Akasema shule ile iko mbali sana, kwenda tu ni karibu saa mbili kwa gari, na yeye ana watoto wawili wadogo.

"Nitamfundisha mwenyewe hapa nyumbani, dada," akasema. "Hiyo akaunti inaruhusu."

Nikamuuliza kama anajua lugha ya viziwi. Akasema watajifunza pamoja.

Nikampigia baba yake. Akanieleza kwa upole kwamba mwalimu wa ishara atakuja mara mbili kwa wiki, atalipwa na ile akaunti, na serikali inadai risiti ya kila kitu, hakuna wa kuzitafuna pesa hizo. Nilipozidi kuuliza, akachoka.

"Mama Neema, kwani wewe unamfundisha nini huko? Maboksi?"

Ni kweli.

Rafiki yangu wa saluni, Mama Asha wa Tanga, anasema wanamtaka Neema awe yaya wa kuwalelea watoto wao, na serikali ndiyo ilipe. Pasta anasema nisimwekee mtoto kizuizi kwa wivu wangu. Mimi nikiwaza hivi naona kweli, nikiwaza vile naona kweli. Yule mama simjui, nimesikia sauti yake tu.

Wiki iliyopita nilienda polisi, maana hapa ndiko viapo vinakogongwa muhuri, kuapa kwenye karatasi ya kumruhusu mtoto asafiri bila mimi. Askari, mama mmoja Mzulu, akaniuliza kama mtoto anajua anakoenda. Nikajaribu kumwambia palepale kaunta. Nikafanya ndege kwa mkono, nikamwonyesha picha ya baba yake kwenye simu. Neema akacheka kwa furaha. Akajigusa kifuani, akanigusa na mimi, akaunganisha viganja vyake viwili akavirusha juu pamoja. Nikatikisa kichwa. Akarudia, polepole, akidhani sijaelewa. Sina ishara ya kumwambia utaenda peke yako. Hatujawahi kuihitaji. Yule askari akauweka muhuri mezani bila kuugonga, akaniambia nirudi nikiwa tayari.

Sijarudi. Baba yake anasema karatasi isipofika kabla ya Ijumaa, tarehe ya miadi ya ubalozi wa Amerika itapita na faili inaweza kufungwa, na hataanza upya.

Ninyi mnaoishi kule Amerika, mnaojua hizo akaunti, niambieni kama mtoto anayefundishwa nyumbani kuna mtu wa serikali anayekuja kumwona, au wanaangalia risiti tu. Na ninyi wenye watoto kama wangu, mngekuwa mimi mngesaini? Msinitukane. Nikisaini naogopa, nisiposaini naogopa zaidi, na Neema mwenyewe siwezi kumuuliza anataka nini.