Waitu, Mfalme

Wanaosema tamthilia za kale za Waingereza zimekufa hawajamwona mwalimu huyu wa Muleba. Huvaa taji la majani makavu ya mgomba, chaki nyuma ya sikio kama penseli ya seremala, na shuka la kitandani begani. Hunguruma mpaka mbuzi wa jirani hujibu. Jana, nikiwa nimekaa dawati la nyuma, ilikuwa zamu ya Kokuhirwa, ambaye tangu mwaka uanze hajathubutu kusema Kiingereza mbele ya wenzake. Katika mchezo, alipaswa kumwombea kaka yake msamaha kwa mfalme, yaani mwalimu mwenyewe. Badala ya “mai lodi”, yaani bwana wangu, akatamka “mai rodi”.

“Barabara ya kwenda Bukoba!” mwenzake Mwesiga akadakia, darasa likaangua kicheko. Binti akainamisha kichwa.

Mwalimu hakucheka wala hakusahihisha. Aliketi juu ya meza, akaweka taji sawa.

“Mwanangu, bibi zako walimwitaje Omukama, mfalme wetu wa zamani?”

Kokuhirwa akapiga magoti, kama wanavyosalimia kwao.

“Waitu,” alisema, na Kiingereza chote kikafuata, bila kutetemeka.

Darasa likamsubiri mfalme ajibu. Yeye, ambaye kila siku huwakumbusha wanafunzi maneno yao, alikuwa amesahau ya kwake.