Daktari Ameshamwona

Kwetu Sekenke, mtu yeyote aliyeshika sindano alikuwa daktari. Tulimwita hivyo mkunga, tulimwita hivyo mhudumu wa zahanati, na hata bwana mmoja aliyefungua duka la dawa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na wachimbaji wa dhahabu walipokuwa wakinunua vidonge kama karanga. Sikuona ubaya wowote hadi mwanangu wa kwanza alipozidiwa na homa.

Bwana yule wa duka alimchoma sindano asubuhi. Jua lilipopanda mtoto alikuwa amelegea, hata kunyonya hataki. Mama mkwe akasema twende hospitali, tukadandia lori la mahindi. Njia nzima niliweka kidole chini ya pua yake kusikilizia pumzi.

Pale mlangoni, nesi aliyekuwa akipanga wagonjwa aliniuliza kama daktari amemwona mtoto.

"Ameshamwona, asubuhi," nikajibu haraka, nikidhani hilo litatupitisha mbele.

Akatuonyesha benchi la wanaosubiri dawa. Tukakaa. Mwanangu alizidi kuwa mzito mapajani. Mama mkwe akaanza kusali kwa Kinyiramba, chini chini, nami nikamkasirikia, maana nilisikia kama anamuaga.

Nesi yule alipopita tena alisimama. Alimshika mtoto kiganja, akamfunua kope, akaniomba karatasi ya daktari. Nikasema karatasi sina. Daktari wetu hana karatasi, ana duka.

Alimnyakua mtoto akaondoka naye mbiombio, mimi nyuma, kanga yangu ya pili ikabaki benchini. Daktari alikuja, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimpima, akasema malaria imepanda kichwani na damu imepungua, akaandika dawa na kuagiza aongezewe damu. Papo hapo akaitwa chumba cha upasuaji. Nikamshika koti, nikamuuliza anatuachia nani.

"Mimi nimeamua atibiwe vipi," alisema. "Huyu ndiye atakayekaa naye."

Nesi akakaa. Alitafuta mshipa mguuni, akaukosa, akatafuta kichwani. Mtoto hakulia. Mama yeyote anajua ubaya wa mtoto asiyelia.

"Daktari, atapona?" nikamuuliza.

"Mimi ni nesi, mama," akasema bila kuinua macho. "Kuanzia leo usimwite mtu daktari bila kuuliza."

Sindano ikaingia, mwanangu akalia. Nami nikalia, kwa sauti kubwa kuliko yake.