Maziwa ya soya, ute wa mrenda na munyu wa mama mkwe

Wakuu, salamu kutoka mpakani, kwa mlioamka na kwa mnaojifanya mko kazini.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, si cha "rafiki yangu mmoja". Mama mkwe yupo hai kule Mella na amenipa ruhusa niandike, ila nisimfanye aonekane mzee.

Kwa wasionijua: mimi ni Msamia wa Busia upande wa Kenya, nimeolewa upande wa Uganda, Mella, Tororo. Natengeneza maziwa ya soya yenye manjano na kuyauza kwenye chupa pale Busia mjini. Wateja wangu ni wale watu wa "natural", wanaosoma kibandiko cha chupa kwa makini kuliko meseji za wake zao.

Sisemi yanatibu ugonjwa wowote, kwa hiyo madaktari wa humu tulieni. Manjano yana kitu kinaitwa curcumin. Ni antioxidant, yaani inasaidia seli zisiharibike, na ndiyo inayoyapa ile rangi.

Sasa curcumin ina maringo. Kwenye maji haiyeyuki, inataka mafuta. Nilikuwa naiyeyusha kwenye mafuta ya alizeti, namimina kwenye maziwa, na baada ya muda mfupi mafuta yako juu, unga uko chini, katikati sijui ni nini. Ikikaa kwenye mwanga nayo inapauka. Mteja anatikisa chupa, anakuangalia usoni, anairudisha mezani taratibu.

Hapo ndipo emulsifier inahitajika. Fikiria broker wa pale border anayejua lugha za pande zote mbili. Mkono mmoja kashika mafuta, mwingine kashika maji, na hakuna anayeondoka. Mafuta yanakuwa matone madogo yaliyofunikwa vizuri, na curcumin iliyo ndani haisumbuliwi ovyo na maji wala hewa.

Soya yenyewe ina lecithin, ambayo nayo ni emulsifier, lakini kwangu haikutosha. Kiini cha yai sikutaka, wateja wangu wanataka mimea tupu. Bamia nilijaribu, ikanizingua.

Kisha mchana mmoja nakula ugali kwa mrenda, ile mboga ya majani wengine mnaiita mlenda. Ule utelezi ukavutika kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni, ukakataa kukatika. Nikasema, ngoja kwanza.

Nikachemsha mrenda, nikachuja ute wake, nikaupiga kwenye blenda na mafuta na maziwa. Wakuu, ilishikana. Kesho yake bado imeshikana. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu akaja kuchungulia. Na kabla hujauliza, hapana, hayanuki mboga. Ute unaingia kidogo tu, na tangawizi ipo.

Kwa furaha ile nikamwambia mama mkwe alime soya.

Muelewe, yule mama muhogo ndiyo benki yake. Aling'oa nusu ya shamba lake kwa maneno yangu matupu, mashemeji wakimcheka waziwazi. Soya ikakubali. Magunia yakajaa mpaka chumba anacholala, na mimi na meza yangu ya Busia nisingeyamaliza hata robo. Nisipopata mnunuzi wa maana, yanakwenda kwa madalali kwa bei ya kutupa, na mama anabaki kichekesho cha ukoo. Hilo lilininyima raha kabisa.

Nikampata dada mmoja anaitwa Akello, mwenye duka la vyakula vya afya Tororo mjini. Akasema atakuja Mella aone jikoni, aondoke na chupa chache aziweke wiki nzima kwenye friji yake ya kioo yenye taa. Zikijitenga au zikipauka, tusisumbuane. Zikisimama, atachukua mzigo kila wiki.

Siku yenyewe niko Mella kwa mama, mrenda uko jikoni, nikagundua vifuniko nilivyobeba haviingii kwenye chupa. Nikadaka boda kwenda kutafuta vingine. Nikamwambia, "Mama, chemsha tu, kisha uchuje." Akaitikia vizuri kabisa.

Niliporudi ute ulikuwa tayari kwenye bakuli, umepoa. Nikaweka maziwa kwenye blenda, nikaweka ute, nikawasha, nikamimina mafuta yangu ya manjano.

Yakageuka mekundu. Rangi ya tofali, kweli tupu. Nilidhani blenda imetoa kutu.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Sijaweka kitu," akasema. "Munyu tu."

Wa mbali niwaeleze. Munyu ni yale maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharage. Huku kwetu, Msamia, Mteso, Mjopadhola, huwezi kupika mrenda bila hayo. Ndiyo yanayoulainisha. Mwanamke anayepakua mrenda bila munyu watu wanauliza alilelewa na nani. Mkono wa mama ulikwenda wenyewe, na wangu ungekwenda vilevile.

"We nasema mgeni nakuja," akaniambia. "Sasa mgeni nakuja, mimi napika mrenda bila munyu? Hiyo iko aibu."

Tatizo ni kwamba munyu ni alkali, na manjano yakikutana na alkali yanakuwa mekundu, halafu curcumin inaanza kuharibika. Yaani ute niliouleta uilinde ndio umekuja na muuaji wake mfukoni.

Nikapata akili ya haraka. Limau! Nikakamua, na rangi ikarudi njano pale pale. Nilifurahi kwa muda ule wa kugeuka kumuonyesha mama. Nilipoangalia tena, maziwa yote yalikuwa yameganda mabonge.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi machozi yalikuwa yananilenga, na akayaona. Akatazama mlango wa chumba chenye magunia.

"Hii soya yote," akauliza, "hakuna mtu nachukua?"

Akachukua ungo, akazunguka nyuma ya nyumba, akachuma mrenda mwingine mwenyewe. Akauchemsha bila munyu, amesimama pale amekunja mikono, uso wa mtu aliyelazimishwa kutoka nje bila leso kiunoni.

Akello akafika tukiwa katikati ya hayo. Mgeni hawezi kukaa mikono mitupu, kwa hiyo mama alikuwa ameyachuja yale mabonge kwenye kitambaa, akayakaanga na kitunguu. Akello akala, akaongeza. Kisha akasimama karibu na blenda mpaka mwisho. Safari hii yalibaki njano, laini, yameshikana. Akaonja, akaondoka na chupa zake.

Wiki ile niliangalia simu mpaka mume wangu akatishia kuificha.

Akapiga. Hazijajitenga, rangi iko vilevile, nianze kuleta. Tena akaulizia yale mabonge ya kukaanga.

Sikumpigia mama. Habari kama ile unaipeleka mwenyewe, nikapanda boda mpaka Mella. Nikamkuta shambani na jembe. Muhogo wa nusu iliyobaki ulikuwa umeng'olewa wote, miti imelazwa pembeni, majani yake yameshakauka.

Nikamuuliza, "Mama, nani alikwambia kwamba Akello amekubali?"

Akainua kichwa. "Kwani yeye nakubali?"

Hakuna aliyemwambia, wakuu. Alikuwa ameng'oa siku nyingi, kabla ya simu yoyote, ili apande soya tena. Nilikaa pale pale kwenye tuta nikalia, na yeye akaendelea kulima, ananiambia nitachafua nguo.

Nilichojifunza: ukitumia ute wa mimea kulinda antioxidant, chunguza kila kinachoandamana na mmea huo jikoni kwenu, maana mkono wa mpishi una mazoea yake. Maziwa ya soya na limau usivikutanishe. Na mtu akikuamini, mpe sababu kamili za kazi, usimwambie "chemsha tu".

Waliojaribu mlenda wa aina nyingine, mbegu za chia au gundi ya mgunga, leteni uzoefu. Wa kubisha pia karibuni. Comments namsomea mama moja moja, ingawa maziwa yenyewe mpaka leo hajayanywa. Anasema hayana munyu.