Mdomo wa Chatu wa Ndihokubwayo

Mke wangu Herieth ni afisa mifugo wa kata, na anaogopa nyoka kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nalisema hili mapema ili mbele ya safari asitokee wa kudai nimemsingizia. Mkanda wa suruali yangu ukianguka sakafuni, huuruka kwanza ndipo auokote. Alizaliwa Same, na alipokuwa darasa la tatu kifutu alimgonga dada yake wakiwa wanaokota kuni. Dada alipona, ila mguu haukunyooka tena. Herieth ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, na mpaka leo hapendi kuulizwa habari za siku ile.

Hapa Makere, Kasulu, tuna mwaka wa kumi na moja, mimi nikifundisha hesabu, yeye akizunguka na pikipiki yake kutibu ng'ombe, mbuzi na kuku. Wafugaji humwita Daktari. Amechoka kuwaambia kwamba ana stashahada tu. Na ana ugomvi mmoja na kata nzima, ugomvi wa sindano. Huku kuku akipiga chafya anawekewa tetra kwenye maji. Mbuzi akikanyaga mwiba akachechemea, oksitetra. Watu hununua chupa gulioni, huchoma wenyewe, na dozi hukadiria kwa macho.

"Hii dawa inaua vijidudu, haiui mwiba," huwaambia. "Mkiichezea, siku mtakayoihitaji kweli haitawasikia."

Kwa hiyo Jumamosi moja ya Julai, tulipomwona Ndihokubwayo anaingia uani kwetu na chupa ya oksitetra mkononi, nilijua patachimbika.

Ndihokubwayo ni Muha wa hapahapa. Ujanani alikwenda Usukumani kulima pamba, akarudi bila pamba wala fedha, ila na ngoma ya nyoka aliyofundishwa huko na chatu mchanga ndani ya kiroba. Chatu huyo sasa amepita mita tatu na anaitwa Bibi. Harusi za Makere, sherehe za mavuno za Titye na Nyakitonto, Bibi huwa shingoni mwa Ndihokubwayo na watoto hukimbia huku wakicheka. Kibali chake cha maliasili amekitunza kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha ndoa. Mkewe alifariki, watoto wameolewa mbali. Ndani ya nyumba yake wamebaki yeye na Bibi.

Alitupigia makofi ya heshima, kama wafanyavyo wazee wa Kiha. "Mwakeye, Daktari. Mwakeye, Mwalimu."

Tukaitikia.

"Bibi anaumwa. Wiki ya tano hii hajala. Anakoroma akipumua. Dawa nimeshanunua, wewe njoo umchome tu."

Herieth alikuwa anapepeta maharage. Ungo ulisimama hewani. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba nyoka si mifugo, nyoka ni wa maliasili, amwelekeze huko, wala hakuna atakayemlaumu.

"Nisipokwenda mimi," alinijibu kwa sauti ya chini, "atamchoma mwenyewe. Kama mbuzi."

Akaenda kuvaa buti. Mimi nikamfuata, na si kwa ushujaa. Niliona aibu kubaki.

Ndihokubwayo alikuwa amehamia nyumba mpya tangu Mei: tofali za kuchoma, bati, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Alitufungulia chumba cha pili kwa fahari. Kulikuwa na sanduku kubwa la mbao sakafuni, na kabla hajafungua kifuniko tulisikia. Ilikuwa sauti ya pumzi ikipita kwenye majimaji, polepole, inakatika, halafu inaanza tena. Herieth alibaki mlangoni, mgongo ameubana kwenye fremu, akatoa simu.

Alimpigia Crispin, aliyesoma naye chuo. Crispin anafanya kazi Arusha kwenye sehemu wanakofuga nyoka wa kuonyesha watalii. Herieth aliweka spika ili sote tusikie.

"Macho yake yamekuwa na ukungu?" aliuliza Crispin. "Labda anataka kujivua ngozi, na wakati huo huwa hali."

"Macho ni safi," alijibu Ndihokubwayo.

"Analala wapi?"

"Hapa, kwenye saruji. Nyumba mpya."

"Na zamani alilala wapi?"

"Nyumba ya nyasi, nyuma ya ukuta wa mafiga." Ndihokubwayo alionekana kama ameonewa. "Sasa mimi nilale kwenye bati, halafu yeye nimwache kwenye nyasi? Watu wangesemaje?"

Julai ya huku, asubuhi unapumua moshi, na saruji huwezi kuikanyaga bila ndala. Kumbe mzee alikuwa amemheshimu Bibi mpaka akamtia ugonjwa.

"Nyoka hajipashi joto mwenyewe," alisema Crispin. "Joto lake ni la mahali alipo. Akipoa, chakula hakisagiki na mwili hauwezi kupigana na kitu. Hiyo oksitetra iacheni, itamuunguza nyama bure. Kwanza mrudisheni kwenye joto, la mchana na la usiku, na mumpe maji. Sasa Herieth, nisikilize. Mfungue mdomo. Ukikuta mate mepesi, maangavu, na ufizi una rangi yake ya kawaida, hiyo ni baridi tu, hahitaji antibayotiki. Ukikuta mate mazito ya njano, au ufizi umeiva mwekundu, vijidudu vimeshaingia. Hapo joto peke yake halitoshi, na kila siku unayochelewa inamla mapafu. Jibu lote liko mdomoni. Angalia vizuri."

"Nimekuelewa," alisema Herieth, akakata simu.

Ndihokubwayo alimtoa Bibi. Sijui niseme nini kuhusu kichwa kile. Kilikuwa kikubwa kama kiganja changu na vidole vyake, na kilipumzika kwenye mkono wa mzee kwa uchovu. Mzee alikishika nyuma ya taya, akakigeuzia kwenye mwanga. Mimi nilishika tochi ya simu. Herieth alishika kijiti bapa, akapiga magoti. Kijiti kiligonga meno ya chatu, na meno yale ni mengi, yamelalia ndani.

Mimi sikutaka kuangalia mdomoni, kwa hiyo niliangalia uso wa mke wangu. Ndiyo maana nikaona. Mdomo ulipofunguka, Herieth alifumba macho. Aliyafumba kabisa, kwa nguvu, kama mtoto anayechomwa sindano. Akahesabu moyoni, labda mpaka tano, akachomoa kijiti.

"Mate mepesi," alisema. "Ni baridi tu. Mrudishe nyuma ya mafiga. Hakuna sindano."

Ndihokubwayo alimtazama. Kisha akatazama kichwa cha Bibi, akamtazama tena Herieth.

"Sawa, Daktari," alisema.

Nami nilinyamaza. Ningeweza kusema, Mama Josephina, rudia. Lakini nilitaka kutoka ndani ya chumba kile kuliko nilivyotaka chochote duniani, na neno lile lingeturudisha wote magotini. Tukapanda pikipiki, tukaondoka.

Jumapili Herieth alichoma ugali. Jumatatu alikwenda kuchanja kuku Nyakitonto akasahau boksi la chanjo nyumbani. Kila simu yake ilipoita aliitazama kwanza bila kuigusa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naitazama naye. Nilijiambia kwamba huenda ni kweli ilikuwa baridi. Baridi yenyewe si ilikuwepo? Sakafu si tuliigusa? Nilijishawishi hivyo siku nzima darasani, nikiwa nimeandika ubaoni swali moja mara mbili, na hofu ilibaki palepale kifuani.

Jumanne asubuhi tulikuwa tunakunywa chai. Josephina, binti yetu, alikuwa ameshakwenda shule. Herieth aliweka kikombe chini.

"Sikuangalia," alisema. "Siku ile. Nilifumba macho."

"Najua. Nilikuona."

Alinitazama. Nimeishi naye miaka kumi na minne na sijawahi kutazamwa vile. "Uliniona, ukanyamaza?"

Akasimama, akachukua buti.

Nyumba ya nyasi ilikuwa na joto zuri. Ndihokubwayo alikuwa ameweka moto mdogo kwenye mafiga na akatandika mablanketi yake mwenyewe nyuma ya ukuta. Kila alichoambiwa alikuwa amekifanya. Lakini Bibi alikuwa ameinua kichwa juu, mdomo wazi, na puani palitoka povu kila alipovuta pumzi. Hewa ya mle ndani ilikuwa na harufu ya kitu kilichooza.

Herieth alipiga magoti bila kuambiwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anasema kitu kwa Kipare, maneno yaleyale mara kwa mara. Alifungua mdomo ule kwa kijiti, akasogeza uso wake karibu mpaka nikataka kumvuta shati. Safari hii hakufumba.

"Njano," alisema. "Mazito, kama uji uliolala. Ufizi mwekundu wote." Akafuta macho kwa bega. "Baba Josephina, andika."

Crispin alitaja dawa nyingine kwenye simu, unga wa sindano unaotumika hospitalini, achomwe kila baada ya siku tatu. Apewe maji kwanza, alisema, na achomwe theluthi ya mbele ya mwili wala si mkiani, maana damu ya nyuma hupitia kwenye figo kabla ya kufika popote. Niliomba ruhusa shuleni, nikaenda na pikipiki mpaka Kasulu mjini kuitafuta. Duka la kwanza hawakuwa nayo, la pili hawakuwa nayo, la tatu mwenye duka, Shamsi, aliniuliza mgonjwa ni nani. Nilimwambia ni bibi. Alinipa pole.

Tulimpima Bibi kwa mizani ya maharage, ndani ya kiroba, kilo kumi na nne na nusu. Mimi ndiye niliyepiga hesabu ya dozi. Ninafundisha desimali kila mwaka, watoto wanazilia, nawacheka. Siku ile nilirudia hesabu mara nne na kila mara niliogopa ile nukta. Ikikaa pabaya mara moja tu, tunamwua kwa mkono wetu. Herieth alichoma. Bibi hakujikunja hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko kama angetugeukia.

Ijumaa tulirudi kumchoma ya pili. Povu lilikuwa limepungua, au sisi tulitaka liwe limepungua. Ndihokubwayo alisema Bibi amekunywa maji mwenyewe. Herieth alicheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile, akamgusa Bibi ubavuni kwa ncha ya kidole, haraka, akarudisha mkono.

Jumatatu ndiyo ilikuwa ya tatu. Tulikuwa tunachanganya dawa uani kwetu wakati Ndihokubwayo alipoingia. Alikuwa na chupa ile ya oksitetra, bado imefungwa, akamwekea Herieth juu ya meza.

"Utampa mwenye ng'ombe," alisema. "Mimi sina tena wa kumchoma. Ameondoka asubuhi, kabla jua halijafika ukutani."

Herieth alikaa chini. Nilimwekea mkono begani, akautoa.

"Mzee," alisema, "nina neno. Jumamosi ile ya kwanza nilikudanganya. Nilisema mate mepesi, na sikuwa nimeona kitu. Nilifumba macho. Ninaogopa nyoka. Ungeanza dawa siku ile, pengine angekuwepo. Ni mimi."

Nilingoja apige kelele. Nilitamani apige kelele. Ndihokubwayo alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi niliona," alisema.

Hatukumwelewa.

"Siku ile ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kichwa, na tochi ya Mwalimu ilikuwa inamulika ndani. Niliona njano. Kidogo, pembeni ya ulimi. Nilimsikia yule bwana wa Arusha akisema njano ni mbaya. Lakini wewe ukasema mate mepesi." Alisugua kofia kwa kidole gumba. "Nikasema moyoni, huyu amesoma. Ameona kuliko mimi. Mimi ni nani nimrudishe Daktari magotini kwa ajili ya nyoka."

Kuku walikuwa wanadonoa maharage yaliyodondoka kwenye ungo.

Alivaa kofia, akasimama. Alitupigia makofi yale ya heshima, akamshukuru Herieth kwa sindano mbili na kwa kumgusa Bibi, akatoka kwenda kutafuta jembe la kuazima, amzike.