Nyumba Niliyojengewa Ndani ya Simu

Likizo nzima binti yangu aliniomba kitu kimoja tu: niingie kwenye nyumba aliyonijengea. Si nyumba ya matofali. Ni ile gemu ya vibloku, mtu anachimba mawe na kukata miti mpaka anajenga mji, na hakuna anayeshinda wala anayeshindwa. Yeye anacheza kwenye tableti, mimi ninayo hiyohiyo kwenye simu, na tukifungua wote wawili tunaonana humo ndani. Siku ya kwanza tulitengeneza mtu wangu, tukamvika gauni la bluu, na kabla sijapiga hatua simu ya kazini ikaita. Jioni yake, mimi nikiwa naoga, akachukua simu yangu, akamtembeza mtu wangu mpaka kwenye hiyo nyumba, akamlaza.

"Nimeshakulaza kitandani, mama," akaniambia kupitia mlango wa bafu. "Ukifungua tu, umefika."

Nikamwambia kesho. Jamani, hiyo kesho! Zikapita kesho za kutosha mpaka ikabaki Jumamosi na Jumapili peke yake. Jumatatu alikuwa anakwenda bweni kwa mara ya kwanza, na huko tableti hawaruhusu. Ana miaka kumi. Mimi na baba yake tulishakubaliana kwamba bweni litamfundisha kujitegemea, ingawa ukweli, ambao tulikuwa hatuusemi, ni kwamba mimi peke yangu nilikuwa nimeshindwa.

Kazi yangu ni kutoa mizigo. Malori yanatoka bandarini Dar es Salaam, yanavuka mpaka pale Rusumo, yanaingia Kigali, na kila lori linalokwama linakuja kukwamia kwenye simu yangu. Dereva akikosa muhuri, mimi. Mwenye mali akiamka na hasira zake, mimi. Mume wangu yuko Rusizi kikazi, anatuonea huruma kwa njia ya simu. Hapa Kigali, mtaani Niboye, tuko mimi, huyo binti, mdogo wake wa kiume anayejifunza kutembea kwa kuvunja vitu, na dada wa kazi, ambaye ni Msabato. Ijumaa jioni anakwenda kwa shangazi yake Gitega, hapahapa mjini, na Jumamosi humpati hata kwa dawa.

Watu wakisikia nacheza gemu wananitazama kana kwamba nimesema navuta bangi. Mama mzima! Sasa nifanye nini? Kutoka siwezi, wa kumwachia watoto sina, na tamthilia zinanikera, watu wanalia mno. Nacheza kwenye gari nikisubiri geti la shule lifunguliwe. Nacheza wali ukikauka. Nacheza chooni, mlango nimefunga, na mdogo mtu anaupiga kwa kijiko. Kwa hiyo maoni yangu yapokee ya mtu aliyecheza vipande vipande. Gemu niliyoimaliza haipo.

Ile ya vita, ya kucheza na watu wa dunia nzima, ni takataka. Haina kitufe cha kusimamisha! Umejificha kwenye mtaro, unakaribia kushinda, nyuma ya kochi mtoto anaanguka puu, unaacha, ukirudi umeshakufa na watoto wa watu wanakutukana kwa lugha usiyoijua. Gemu isiyosimama mimi naihesabu ni ajira, tena isiyo na likizo. Ya shambani ndiyo mbaya zaidi maana inajifanya mpole. Unapanda nyanya, unafuga kuku, muziki unakubembeleza, kumbe usipoingia siku mbili nyanya zinanyauka na simu inakuletea ujumbe: "Kuku wako wamekukumbuka!" Wewe! Wa kunililia ninao humu ndani, sijapungukiwa hata nitafute kuku. Niliifuta palepale na roho ikatulia.

Mume wangu, kwa utani wake, akanishauri gemu ya kuendesha malori. Nikaiweka. Nikaendesha, nikaendesha, nikafika mpakani, geti likafunguka lenyewe nikapita! Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akashtuka usingizini. Aliyeitengeneza hajawahi kulala Rusumo, wallahi. Hakuna foleni, mtandao haukatiki, hakuna afisa aliyekwenda kula. Lakini hiyo niliipenda, siwezi kudanganya. Kuna barabara yake moja inapita msituni, hakuna mtu, hakuna anayekuita, ni wewe na usukani. Nilikuwa naliegesha lori pembeni natazama mvua inavyoteremka kwenye kioo, machozi yananitoka, nikawa sijui nalilia nini. Nilikuwa najua, basi tu.

Iliyonimalizia muda zaidi ni ya kutisha, ya kuchezea kwenye TV. Umefungiwa kwenye jumba, unatafuta funguo utoke. Diski yake tuliinunua ya mkononi kwa fundi mmoja Biryogo, akaapa haina mikwaruzo. Kila nikifika ghorofani inaganda, narudi chini kuanza upya. Gemu gani hiyo! Funguo mimi nazitafuta kila asubuhi bure, na mara nyingi huwa zimo ndani ya friji, kaziweka mdogo mtu. Hata hivyo niliirudia wiki nzima, nikipata upenyo tu niko mle jumbani.

Binti yangu alikuwa anakaa pembeni ya kochi ananitazama.

"Mama, ya kwangu lini?"

"Ya kwako inataka utulivu, mwanangu. Hii ni ya dakika tano tu."

Mwanzoni alikuwa ananuna. Baadaye akaacha hata kununa, na mimi, kwa akili zangu hizi, nikashukuru kwamba amekua.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Asubuhi hiyo Kigali nzima inasimama: maduka yamefungwa, magari hayatembei, kila nyumba inatoa mtu na jembe au fyekeo lake kusafisha mtaa. Mtu wa nyumba yetu ni mimi. Sikosi, maana mgeni akikosa anaonekana haraka zaidi ya mwenyeji. Nilikuwa nimeshavaa mabuti, nahangaika kutafuta jembe, kiongozi wetu akagonga geti. Yeye ni kiongozi wa isibo, yaani nyumba zetu hizi chache zinazopakana, na hupita kukusanya watu. Binti yangu akawahi getini. Nikasikia anamwaga Kinyarwanda ambacho mimi sitakijua mpaka nazikwa, kisha geti likafungwa.

"Nimemwambia unaumwa," akasema aliporudi.

"Naumwa nini?"

"Tumbo. Nimemwambia umelala."

Ebo! Nikabaki nimesimama na mabuti yangu. Nikitoka, namuumbua mtoto mbele ya mtaa mzima. Nisipotoka, mwongo ni mimi. Yeye alikuwa amebana tableti kwapani, chaji imejaa, ananitazama bila kuomba kitu. Nikavua buti moja, halafu la pili.

Tukapanda kitandani kwangu. Nikafungua ile gemu, ikawa inapakia, ile picha ya mwanzo haijatoka vizuri, watu wa Rusumo wakapiga simu. Tanzania hakuna umuganda. Namba ya kontena haifanani na ya kwenye karatasi, dereva anafoka, afisa anasubiri, mimi nazunguka chumba pekupeku napiga kelele za mtu asiyeumwa popote. Nilipomaliza mdogo mtu ameamka anataka uji. Nikampikia, nikamlisha, akaumwaga, nikadeki. Binti yangu alikuwa palepale kitandani, tableti imejizima yenyewe kwa kungoja.

Nikasema sasa. Ndipo nikasikia sauti za watu getini, watu wengi.

Nilichosahau ni kimoja: wenzetu hawa mgonjwa hawamwachi peke yake. Baada ya kazi kuna mkutano, na kwenye mkutano kiongozi alikuwa ametangaza kwamba mama Mtanzania yuko kitandani. Wakaja wote! Nikaruka kitandani na jinzi yangu, nikavuta blanketi mpaka kidevuni. Wakavua mabuti yenye tope mlangoni wakaingia kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, chumba kikajaa. Kulikuwa na mama jirani wa geti la kijani, ameshika chupa ya uji wa mtama, na mzee mmoja aliyekulia Uganda, na wengine ambao huwa tunasalimiana tu kwenye mfereji.

"Pore sana, mama," kiongozi akasema kwa Kiswahili chake. "Iko na homa?"

Mama wa geti la kijani akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Nilikuwa nimekimbia, jasho linanitoka, moyo unadunda. "Yoo! Iko na homa kweli," akawaambia wenzake, na wote wakasikitika kwa pamoja. Yule mzee akaomba tusali. Alisali kwa urefu, akanitaja mimi, na mume wangu huko Rusizi, na wazazi wangu, na mimi, Mwislamu wa Tanga, nikaitikia amina kwa sauti. Aibu iliyonishika, laiti kitanda kingepasuka kikanimeza.

Walipoinuka kuondoka ndipo hukumu ikatoka. Nisishuke kitandani mpaka kesho. Mdogo mtu atakwenda kwa mama wa geti la kijani, na hapohapo akafungwa mgongoni kwa kitenge, akafurahi msaliti yule. Na simu nizime. "Kazi itakuwepo kesho, mama," kiongozi akasema, akaitoa mkononi mwangu akampa binti yangu kwa heshima kama anayemkabidhi ofisi. Binti yangu akaibonyeza mbele yao isipokee simu ya mtu yeyote, akaacha mtandao wa nyumbani peke yake.

Kutoka nje haikuwezekana. Mama wa geti la kijani ana baraza linalotazama geti langu, na alikuwa amekaa pale na mwanangu mgongoni, analinda afya yangu. Nilikasirika sana, nisifiche. Jua linawaka, nguo zimo kwenye beseni, mizigo ya watu iko barabarani, na mimi nimelala naumwa uongo wa mtoto. Nilijiona kama lori langu mwenyewe, karatasi zote zipo na halipiti.

"Mama," binti yangu akasema, akanipa simu. "Sasa."

Nikafungua. Safari hii ilipakia mpaka mwisho.

Mtu wangu wa gauni la bluu akaamka kitandani. Chumba kilikuwa kizuri, jamani, sikukitegemea. Zulia jekundu. Kabati, nikalifungua: mikate, keki, samaki wa kuchoma, vimejaa. Taa kila kona. Kimeza kidogo chenye ua. Ukutani alikuwa amepanga vibloku vya rangi vikatokea picha ya bahari, eti ni Tanga. Nikamsifu, nikamsifu kweli, si kwa kumridhisha. Nikazunguka mara ya kwanza nikivitazama vitu vyake. Nikazunguka tena nikatafuta njia ya kwenda vyumba vingine. Ukuta, ukuta, ukuta.

"Mlango uko wapi?"

"Haina."

"Umesahau kuweka?"

"Sijasahau."

Nikafanya nilichozoea kwenye gemu, nikaanza kuupiga ukuta kwa ngumi nitoboe. Ukuta haukupata hata mkwaruzo.

"Hilo jiwe halivunjiki kwa mkono, mama. Ndilo gumu kuliko yote. Nimelichimba likizo nzima."

Sikumtazama. Niliogopa kumtazama. "Sasa mimi nitatokaje?"

"Mlango ukiwepo unatoka," akasema, bila lawama, kama anayenieleza masharti ya gemu.

Nikamuuliza yeye alikuwa anapitia wapi, maana kwenye tableti yake sikuwa nimemwona akitembea.

"Mimi sipiti popote. Geuka."

Nikamgeuza mtu wangu. Nyuma ya kabati, kwenye kona ambayo sikuitazama, alikuwa amesimama mtu wake mdogo wa kofia nyekundu, ameelekea kitandani kwangu.

"Nilikulaza kwanza, halafu mawe yalipotimia nikaziba na mimi nikiwa ndani," akasema. Akasogea, akaegemeza kichwa begani kwangu, kile kichwa chake cha kweli, kilichokuwa kimesukwa nywele za kwendea bweni. "Jumatatu nikishaondoka usije ukabomoa. Wewe baki humu tu. Nikiwa huko usiku nitakuwa najua uko wapi."