Mwaka wa kura, Bi Time alipozuiwa kumkosha mama yangu

Assalaam alaykum wakuu, na wajukuu zangu mlio humu.

Shule nilikomea darasa la tatu, lakini majina ya watu hayanipotei. Haya niliyaona kwa macho yangu, kwetu Gando.

Waliokuwepo ni hawa: maiti mwenyewe, Bi Mize, mama yangu. Baba yangu, Mzee Faki. Shangazi Bi Asha, dada wa baba. Bi Time, mkosha maiti wa mtaani, somo wa mama tangu utotoni. Na mie, kigori.

Ulikuwa mwaka wa kura, zile zama za siasa. Mliozaliwa juzi hamjui. Mtu wa chama kingine humsalimii, dukani kwake hununui, harusini kwake huendi.

Hata msibani!

Baba chama hiki, Bi Time na mumewe kile.

Sasa, mama na Bi Time walishaahidiana: atakayetangulia, mwenziwe amkoshe. Baba akilijua hilo.

Mama akashikwa na homa, akafa asubuhi. Bi Time akaja mbio, karafuu maiti kaifunga kwenye pindo la kanga. Baba kasimama mlangoni.

"Rudi, Time. Kakoshe watu wa chama chako."

"Sikuja kwako mie, Faki. Nimekuja kwa Mize."

"Mize mke wangu."

"Leo kesha kuwa wa Mungu."

Wanaume barazani wakacheka. Mmoja akasema, "Kaja kuomba kura kwa maiti huyo!"

Baba akamsukuma Bi Time.

Shangazi hajapata kukosha maiti maishani mwake. Tukaingia naye, mie nimeshika kata ya maji. Mara sauti ya Bi Time nyuma ya ua wa makuti:

"Asha! Anza kuliani. Tumbo likande polepole, usimuumize."

Shangazi akafuata neno kwa neno, mpaka tukafika kichwani.

"Nywele zisukeni mafungu..."

Baba kesha kumsikia. Tukasikia vishindo vyake akimfukuza, na neno la Bi Time likakatikia hapo.

Shangazi akanitazama. Nikamsuka mama mafungu mawili, kama nilivyosukwa mie kwendea chuoni kusoma Kurani. Ukubwani ndipo nikafunzwa kuwa ni matatu.

Na hao wakubwa wa vyama tuliogombana kwa ajili yao, hata mmoja hakuja kuzika.

Miaka ikapita mingi. Baba yu kitandani, hoi, akataka Bi Time aitwe. Akaja na mkongojo wake.

"Nisamehe, Time."

"Langu nimekusamehe, Faki. La Mize kamuombe Mize mwenyewe."

Baba akageukia ukutani. Roho ikamtoka kaelekea huko huko.

Wakuu, siasa fanyeni, ila msiba msiufungie mlango. Chama utahama, maiti humkoshi mara ya pili.

Wenye visa vya wazee wao vya mwaka ule waandike hapa chini, nitasoma. Na watu wa Gando, kama jina la mtu nimelikosea, nisahihisheni.

La nywele tu msinisahihishe. Hilo nalijua.